Dumu la Lita Tano Linakwisha Siku Gani?

Dumu la mafuta ya kupikia la lita tano lina kilo 4.6 hivi za mafuta, na kila gramu yake hubeba kalori tisa. Kwa hiyo pale kwenye kona ya stoo zimekaa kalori zaidi ya 41,000. Tuchukue nyumba ya watu watano inayonunua kwa mwezi: mshahara ukiingia, mtu anapita sokoni Kariakoo au Tandale na kurudi na dumu, kiroba cha sembe, mchele, sukari, maharage na katoni ya vitu vya watoto. Dumu hilo likifika siku ya 30, kila mtu amekula wastani wa kalori 276 za mafuta kwa siku, yaani vijiko viwili vya chakula na kidogo. Likikauka siku ya 21, kila mtu amekula 394. Zimeongezeka kalori 118 kwa siku na hakuna aliyeongeza sahani. Ugali ni uleule. Mchicha tu umeng'aa zaidi na mayai yameogelea.

Kalori 118 ni nyingi au ni kidogo? Hesabu ya zamani, ile inayosema kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700, haitoshi hapa, maana mwili ukiongezeka uzito nao hutumia zaidi, na ukipungua hutumia kidogo. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet hesabu iliyozingatia jambo hilo. Kwa mtu mzima wa kawaida mwenye uzito uliozidi, badiliko la kalori 24 kwa siku, likidumu, hatimaye huleta badiliko la kilo moja hivi. Nusu yake hutokea ndani ya mwaka mmoja hivi, na karibu yote huwa yametimia baada ya miaka mitatu. Gawanya 118 kwa 24. Unapata kilo tano kasoro, na zote zimetokana na siku tisa za tofauti katika kumaliza dumu.

Ndiyo maana naona watu wanaojitahidi kupunguza mwili wanaikagua stoo upande usio wenyewe. Wanaangalia kilichomo: wanaondoa hiki, wanaleta kile, wali mweupe unafukuzwa na shayiri inakaribishwa. Mwendo wa vitu kutoka stoo hadi sufuriani hawaupimi, na kilo zinaingilia hapo hapo.

Utafiti bora ninaoujua kuhusu mwendo huo haukufanywa na madaktari bali na watu wa biashara. Mwaka 1998 Kusum Ailawadi na Scott Neslin walichambua kumbukumbu za manunuzi ya kaya nchini Marekani, zilizokusanywa dukani kila bidhaa inapopita kwenye mashine ya malipo. Walitaka kujua: mtu akinunua nyingi kwa sababu bei imeshushwa, je, anakaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi dukani, au anatumia upesi zaidi? Walichagua bidhaa mbili, mtindi na sosi ya nyanya. Sosi ya nyanya ilikaa kabatini ikingoja zamu yake, ikaongezeka kutumika kidogo tu. Mtindi ulikwenda mbio: ulivyozidi kuwa mwingi ndani, ndivyo ulivyoliwa kwa kasi zaidi. Watu walikuwa walewale na friji ni ileile. Tofauti ilikuwa kwamba mtindi unafunguliwa na kuliwa, wakati sosi inahitaji chakula kingine cha kuisindikiza.

Upo pia utafiti wa mwaka 2002 wa Pierre Chandon na Brian Wansink, uliofika kwenye hitimisho linalofanana na hilo, na hunukuliwa zaidi. Siegemei huko. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Cornell kilimkuta Wansink na makosa ya kitaaluma katika utafiti wake, na makala zake kadhaa zimefutwa na majarida. Mengi ya yale mawaidha ya sahani ndogo yanayozunguka kwenye simu zetu yalipata umaarufu kupitia mikono yake. Kanuni ya mtindi na sosi inasimama bila yeye.

Sasa tuilete jikoni kwetu. Chumvi ndiyo sosi yetu: hata ukinunua katoni nzima, mchuzi hautatiwa chumvi mara mbili. Biskuti, juisi, mkate, karanga za kukaanga na soda ni mtindi. Hapo hakuna mjadala mrefu, kila mama anajua katoni ya biskuti ya mwisho wa mwezi haioni tarehe kumi. Penye ugumu ni mafuta na sukari. Hakuna anayekunywa mafuta, kwa hiyo yanaonekana kama chumvi. Lakini mpishi wa Kiswahili hapimi. Anamimina kwa jicho, na jicho linasoma dumu. Dumu limejaa, mkono unalegea. Ikibaki nusu lita na leo ni tarehe 24, mkono huohuo unakuwa na adabu ambayo hakuna mtaalamu wa lishe aliyewahi kuifundisha.

Mtaani kuna mfumo unaozalisha adabu hiyo kila siku, nao ni mafuta ya kupima. Mtu anatuma mtoto na chupa dukani kwa Mangi, anapimiwa ya kupikia leo, na kesho ni habari nyingine. Wakenya wanauita kadogo. Wachumi wanaulaumu utaratibu huu, na wana haki: anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi kwa kila lita, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Lakini hesabu ya jumla na rejareja ina upande ambao hautajwi. Tuseme dumu linakupa lita kwa bei ya chini kwa asilimia 20 kuliko ya kupimiwa. Ukilimaliza siku ya 21 badala ya 30, umetumia kwa kasi iliyozidi asilimia 43. Ukizidisha 0.8 kwa 1.43, unapata 1.14: umelipa asilimia 14 zaidi kwa mwezi kuliko yule aliyekuwa akituma chupa, na juu yake umebeba mwili. Faida ya punguzo la asilimia 20 huliwa yote matumizi yakipanda kwa robo tu.

Simshauri mtu aache kununua jumla. Kinachofaa ni kununua kwa bei ya jumla na kutumia kwa mwendo wa rejareja, na kwa mafuta jambo hilo halina ufundi mkubwa. Dumu linakaa stoo, ikiwezekana chumba kingine kabisa, na jikoni inakaa chupa ya lita moja. Chupa inajazwa siku moja ya wiki. Kwa nyumba yetu ya watu watano, lita moja kwa wiki ni kalori 237 za mafuta kwa kila mtu kwa siku, na dumu linavuka mwezi. Chupa ikiisha Alhamisi, Ijumaa ni siku ya kuchemsha. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila dumu unapolifungua, na nyingine linapoisha. Baada ya miezi michache utakuwa na takwimu za nyumba yako mwenyewe, na hizo zina thamani kuliko programu ya simu inayokuuliza umekula gramu ngapi za kisamvu.

Sukari inakwenda kwa njia hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari iliyoongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwa chini ya asilimia tano ni bora zaidi. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia tano ni gramu 25. Watu watano kwa siku 30 ni kilo 3.75, zikiwemo za soda na za maandazi ya kununua. Ukiona kilo tano zinaisha kwenye chai peke yake, jibu unalo.

Upande wa pili wa kanuni unahusu maharage, choroko, kunde, dagaa wakavu na mahindi ya kande. Hivi ndivyo vya kununua kwa debe bila wasiwasi. Gramu 100 za maharage makavu zina kalori 340 hivi, karibu sawa na unga, lakini hakuna aliyewahi kuamka usiku akayatafuna. Lazima yachambuliwe, yalowekwe, yachemshwe kwa saa na mkaa. Kazi hiyo ndiyo kufuli lake.

Tatizo ni kwamba kufuli hilo linafunga pande zote mbili. Mtu anashuka kwenye daladala saa mbili usiku, amechoka, maharage ni makavu kama yalivyotoka Tandale, na pale kituoni kuna kioo chenye taa na chipsi. Hapo stoo nzuri kabisa imeshindwa na karai. Wanaofanikiwa, kwa ninavyoona, wanafanya kazi hiyo mara moja: Jumamosi wanachemsha sufuria kubwa, wanagawa kwenye mifuko au makopo ya mlo mmoja mmoja, wanagandisha. Jambo moja dogo lina uzito hapa. Gandisha maharage matupu, yasiyoungwa. Ukiyagandisha yakiwa na tui zito la nazi, umeshaamua Jumamosi, ukiwa na nguvu na njaa ya kupika, mafuta utakayokula Alhamisi. Matupu unaweza kuyaunga kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja, au kuyala na kachumbari. Asiye na friza, au ambaye umeme wa LUKU haumruhusu, anabaki na vitu vya kuiva upesi: mayai, dagaa na viazi.

Na viazi vinaonewa. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, wakapima walivyoshiba kwa saa mbili zilizofuata. Mkate mweupe uliwekwa kuwa 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyakula vyote. Chipsi zilipata 116. Kiazi ni kilekile. Kilichobadilika ni maji kutoka na mafuta kuingia. Kilikuwa kikundi kidogo cha watu, na shibe ya saa mbili haielezi mwezi, lakini sioni kwa nini mtu aondoe gunia la viazi nyumbani huku dumu likibaki wazi jikoni.

Vya viwandani vina hadithi nzito zaidi. Hall huyohuyo mwaka 2019 aliwaweka watu wazima 20 katika kituo cha utafiti huko Bethesda, Marekani, kwa wiki nne: wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana, mbili wakila visivyosindikwa hivyo. Milo yote iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula atakavyo. Kwenye vilivyosindikwa walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku na kuongezeka wastani wa kilo 0.9; kwenye vingine walipungua kiasi hichohicho. Ndiyo maana katoni ile ya mwisho wa mwezi ni bora ibaki kwa Mangi. Duka lake liwe friji yako ya biskuti: anayeitaka avae kandambili aifuate, moja.

Kuhusu dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, nitasema kwa ufupi kwa sababu imegeuka dini. Kilo ya dona na kilo ya sembe hazipishani sana kwa kalori. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na hushibisha vizuri, ila haipunguzi mtu kwa jina lake. Na ina sharti la stoo: kiini cha mahindi kina mafuta, nayo huchacha, kwa hiyo dona hainunuliwi kwa viroba vya miezi. Saga kidogo, rudi mashineni.

Sharti hilo linatufikisha kwenye hesabu ambayo wengi huisahau. Ukipunguza kula, kiroba kilekile kinakaa muda mrefu zaidi. Anayekula robo tatu ya alichokuwa anakula atamaliza gunia la miezi mitatu kwa minne, na mwezi wa nne ni wa wadudu na ukungu. Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa; Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 kwa mahindi ya namna hiyo, na Tanzania ilizika watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kabla ya kufika huko kuna kishawishi cha kila siku: "tule, kisiharibike." Ndizi zinaiva zote siku moja, mkate kesho utaota, wali wa jana unatiwa mafuta ukaangwe. Anayepunguza mwili bila kupunguza manunuzi anageuka pipa la kuokoa chakula. Manunuzi yapungue kwa kiwango kilekile ambacho mlo umepungua, na yapungue mwezi huohuo.

Kuna stoo ambayo hukuinunua. Basi linashusha Mbezi gunia la mchele kutoka Kyela, na ndoo ya karanga, na samli ya bibi. Hapa kupunguza manunuzi hakusaidii, na kukataa ni kumvunjia heshima aliyetuma. Njia yake ni kugawa siku ileile gunia linapofika, kabla halijazoeleka ndani: sehemu ya mwezi inaingia kwenye ndoo ya jikoni, ya mwezi unaofuata inafungwa vizuri na kuandikwa tarehe, na iliyobaki inakwenda kwa jirani, kwa shemeji, kwa fundi, hata kwa Mangi ambaye atakukatia kwenye deni. Bibi akipiga simu kuuliza kama mchele ulifika, mwambie umefika na watu wa mtaa mzima wanamsalimia.