Kushangilia, Kuzomea na Kuguna

Wahenga walisema kuwa akipenda, mtu chongo huita kengeza. Methali hii aghalabu hutupiwa mshabiki, na hasa mshabiki wa kampuni ya kompyuta, ambaye hungoja matangazo ya bidhaa mpya kama mtoto angojavyo mwezi wa Idi. Husemwa kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mhakiki: mapenzi yamemfumba macho, na makofi yake ni ushuru aliokwisha kuutoa kabla ya kukiona kitu. Hukumu hii ina haki kwa sehemu, lakini haitoshi. Mapokezi ya matangazo ya kampuni ya Apple ya Marekani, tangu mwaka 1984, yaonyesha kuwa mshabiki ana sauti tatu wala si moja. Hushangilia, huzomea, na huguna. Thamani ya sauti hizo si sawa, na mwenye kuzipima ataona kwamba ile iliyo ndogo kuliko zote ndiyo yenye uhakiki mwingi.

Yafaa kwanza kukumbuka kuwa tangazo la bidhaa, kwa namna lilivyofanywa na Steve Jobs, lilikuwa masimulizi na biashara kwa pamoja. Palikuwa na ukumbi wenye giza, msimulizi jukwaani, kitu kilichofichwa, na saa ya kukifunua. Zaidi ya hayo palikuwa na waitikiaji. Katika pwani ya Afrika Mashariki msimulizi wa ngano husema “Paukwa”, na ngano haianzi mpaka wasikilizaji wajibu “Pakawa”. Kadhalika maneno ya Jobs yalikuwa nusu ya tangazo. Nusu ya pili ilitoka vitini. Asomaye maneno ya msemaji peke yake amesoma nusu ya kitabu.

Sauti ya kwanza ni ya kushangilia. Tarehe 24 Januari 1984, katika ukumbi wa Flint Center mjini Cupertino, Jobs aliitoa Macintosh mfukoni, nayo mashine ikajitambulisha kwa sauti yake yenyewe. Watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Furaha yao haikukosa sababu. Kompyuta iendeshwayo kwa picha na kipanya ilikuwa imeletwa kwa dola 2,495, hali Lisa, iliyotangulia mwaka 1983, iliuzwa kwa dola 9,995. Lakini Andy Hertzfeld, mmoja wa waandishi wa programu za mashine ile, ameeleza baadaye kwamba iliyosema jukwaani ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512, kwa kuwa iliyokusudiwa kuuzwa, yenye kilobaiti 128, isingeyaweza maonyesho yale. Basi umati ulikishangilia kitu ambacho hakikuwako dukani. Kosa hilo halikuwa lao, maana hawakuwa na njia ya kujua. Hata hivyo lafunza kuwa makofi ya ukumbini hutangulia maarifa. Huwa shahidi wa tumaini, wala si shahidi wa kitu.

Sauti ya pili, ya kuzomea, hudhaniwa kuwa kinyume cha ile ya kwanza. Kwa hakika ni ndugu yake. Tarehe 6 Agosti 1997, katika maonyesho ya Macworld mjini Boston, Jobs alitangaza kuwa Microsoft, mshindani mkubwa wa Apple, ingenunua hisa za dola milioni 150 na kuendelea kutengeneza programu za Office kwa Macintosh muda wa miaka mitano. Uso wa Bill Gates ulipotokea kwenye kioo kikubwa, wengi ukumbini walizomea. Jobs aliwaambia kwamba Apple haikulazimika kumwona Microsoft ameshindwa ili yenyewe ishinde. Hesabu zilikuwa upande wake: katika mwaka wa fedha wa 1997 kampuni ilipata hasara iliyozidi dola bilioni 1. Waliozomea walilinda bendera, na mwenye kulinda bendera hafungui daftari la hesabu. Lakini hawakukosea katika yote. Walimwona mtu wao akiwa mdogo jukwaani chini ya uso mkubwa wa mshindani wake, wakahisi kuwa picha ile yasema neno ambalo maneno yalikataa kulisema. Jobs mwenyewe alikiri baadaye kwamba jukwaa lile lilipangwa vibaya. Katika jambo la mali mshabiki alikosea. Katika jambo la sanaa alipatia.

Ushahidi mzito zaidi ni wa mwaka 2007. Tarehe 9 Januari, mjini San Francisco, Jobs alisema ameleta vitu vitatu: iPod yenye kioo kipana cha kugusa, simu ya mkononi, na chombo cha mawasiliano ya intaneti. Kwa cha kwanza ukumbi ulishangilia. Kwa simu ulishangilia kwa nguvu. Kwa cha tatu makofi yakapungua. Kisha akayarudia majina yale matatu, akayarudia tena, mpaka wasikilizaji wakatambua kuwa vitatu ni kimoja. Ustadi wa kurudia neno hadi libadilike maana wastahili sifa. Lakini kilichopigiwa makofi machache ndicho kilichokuja kubadili mwenendo wa watu: intaneti iliyokaa mfukoni. Mshabiki alishangilia muziki na simu kwa sababu alikwisha kuvijua. Jipya halisi halikuwa na kipimo moyoni mwake, kwa hiyo likapita kwa adabu. Ambaye hutazamia makofi yamwonyeshe jambo kubwa atapotea njia.

Simu ile ilianza kuuzwa tarehe 29 Juni, na ile ya gigabaiti 8 ilikuwa dola 599. Tarehe 5 Septemba bei ilishushwa hadi dola 399. Waliolalamika walikuwa walewale waliokuwa wa kwanza milangoni. Asiyependa hakununua, naye hakuwa na la kudai. Siku iliyofuata Jobs aliandika barua ya wazi, akawaahidi wanunuzi wale dola 100 za kutumia katika maduka ya Apple. Hapa mapenzi yalipata haki ya kusema, na neno lao likasikiwa. Lakini yafaa kuona umbo la radhi ile: ilimrudisha mwenye kukosewa dukani palepale alipokosewa. Fadhila na biashara zilishikana mikono hata isijulikane mkono upi ni wa nani.

Yabaki sauti ya tatu. Tarehe 3 Juni 2019, mjini San Jose, kampuni ilionyesha kioo cha kompyuta kwa ajili ya mafundi wa picha na filamu, bei yake dola 4,999. Bei hiyo ukumbi uliistahimili. Kisha ikatajwa bei ya kigingi cha kukisimamishia kioo, kilichouzwa mbali: dola 999. Papo hapo mguno ukapita vitini. Haukuwa zomeo, wala haukuongozwa na mtu. Waliokuwamo walikuwa wapenzi wa kampuni na waandishi wa programu zake, nao walijua kazi ya kioo kile na gharama ya vioo vya mfano wake. Kwa hiyo hawakuguna kwa bei kubwa, waliguna kwa bei isiyo na sababu. Walitenganisha vitu viwili vilivyoletwa kwa pamoja, wakakikubali kimoja na kukikataa cha pili. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, nayo ilitimizwa bila ya neno hata moja. Makofi yana tumaini na kuzomea kuna bendera; mguno una kipimo. Wala asiyependa hawezi kuutoa, kwa sababu hakuwa na imani iliyopungua.

Tarehe 22 Juni 2020, kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, tangazo lilifanywa kuwa filamu iliyotengenezwa kabla, bila ya watu ukumbini. Maradhi yalipopungua, kampuni iliendelea na filamu, hata ilipoalika wageni kuja kuitazama. Filamu hizo ni safi: hazina kigugumizi, hazina chombo kilichogoma mbele ya watu. Lakini hazina pia mahali pa mguno. Mshabiki bado huguna, ila huguna mbali, baada ya neno kwisha, na msemaji haoneshwi usoni kwamba amepita kiasi. Hasara ya jambo hili si ya mshabiki peke yake. Kampuni iliyokuwa ikipimwa na wapenzi wake, mbele yao, kwa saa ileile, sasa yasema “Paukwa” na kuendelea na ngano bila ya kungoja jibu.