Kuilea Injini Mpya

Pikipiki nyingi za bodaboda huingia Dar es Salaam zikiwa vipande ndani ya maboksi. Injini huja imeshafungwa kwenye fremu, lakini gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri hukaa pembeni, kila kimoja kwenye nailoni yake. Gerezani, Kariakoo, maboksi hayo hufunguliwa barazani mchana kweupe, na ukikaa pale kusubiri yako utajifunza kumtambua fundi katikati ya wakaza nati. Mkaza nati anamaliza upesi na kuita anayefuata. Fundi anakaza nati ya ekseli, anazungusha gurudumu kwa mkono, anainama kusikiliza, analegeza kidogo, anazungusha tena.

Niliyemtazama mimi alikuwa na spana ndogo namba nane. Akaligeuza gurudumu taratibu huku akiigonga spoki moja baada ya nyingine. Spoki iliyokazwa sawasawa inalia. Iliyolegea inatoa mlio uliokufa. Akifika kwenye iliyokufa anaipa nusu mzunguko, anagonga tena, anasonga mbele. Alipomaliza duru nzima akarudia tangu mwanzo, maana ukikaza spoki moja unaivuta rimu, na jirani zake wanalegea. Hakuna mteja anayelipia duru hiyo ya pili. Wengi hata hawaioni, kwa sababu wakati huo wanachagua kofia ngumu.

Kwenye cheni ni vivyo hivyo. Anaiinua kwa vidole viwili katikati ya sproketi mbili, anaangalia inacheza kiasi gani. Kwa pikipiki za aina hii, sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi zinatosha. Halafu anasukuma gurudumu na kupima sehemu nyingine, kwa kuwa cheni haivutiki sawa mzunguko mzima, na kipimo cha kweli ni pale ilipokaza zaidi. Mteja asiyejua hupenda cheni iliyonyooka kama uzi, akidhani ndiyo imara. Cheni ya namna hiyo inakula beringi na sproketi kila gurudumu linapoingia shimoni.

Pikipiki ikishasimama kwa magurudumu yake, betri ikishatiwa maji yake na kuchajiwa, oili ikishapimwa, anakabidhiwa dereva. Hapo unaanza ufundi wa pili, ambao hauna spana.

Kijiweni kwetu Mbagala yuko mzee mmoja ambaye matajiri wenye pikipiki humwomba azitoe pikipiki zao dukani kabla hawajawakabidhi vijana wa mkataba. Kitu cha kwanza anachofanya ni kubandua nailoni zote zilizo karibu na ekzosi, kwani zikipata moto zinayeyuka na kuganda hapo maisha. Ile ya kwenye siti anaiacha. Anajua mwenye mali anataka kuiona. Anawasha injini, lakini haiachi ingurume muda mrefu. Dakika moja, mbili, oili ipande, kisha anaingiza gia ya kwanza na kuondoka polepole.

Kuelewa anachokifanya kunataka uangalie ndani ya silinda. Ukuta wa silinda mpya si laini kabisa. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mikwaruzo myembamba inayokatana, ili ishike oili. Ringi za pistoni nazo ni mpya, hazijaafikiana na ukuta huo. Katika safari za mwanzo vitu hivyo viwili husagana kidogokidogo mpaka vinakaa sawa, na mkao huo ndio utakaoamua kama injini itafunga pumzi yake vizuri au itakunywa oili. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 66 kila sekunde. Kosa la dakika tano ni misuguano elfu ishirini.

Wengi wanajua nusu ya habari: usiikimbize. Ukiikimbiza, joto linapanda, vyuma vinatanuka kabla havijazoeana, na ukuta unachubuka. Nusu ya pili ndiyo inayomtenga mzee na wengine. Injini mpya haitaki kubembelezwa kupita kiasi pia. Ringi zinakandamizwa ukutani na msukumo wa mafuta yanayoungua, kwa hiyo injini inayonguruma tu pikipiki ikiwa imesimama, au inayotembezwa mwendo mmoja mdogo kutwa nzima, haizipi ringi kazi ya kutosha. Ukuta unang'aa mapema na ringi hazikai. Kinachotakiwa ni kazi ya wastani inayobadilikabadilika: vuta mafuta kiasi, panda mwendo, kata mafuta uiache ishuke yenyewe, vuta tena.

Kwa hiyo Barabara ya Kilwa inamfaa mzee. Kutoka Bendera Tatu hadi Mtoni kuna taa, vituo, malori na wavukaji wa miguu. Hakuna anayeweza kushikilia mwendo mmoja hata akitaka. Mkono wake wa kulia hautulii, lakini hausikiki. Anabadili gia mapema, na kamwe haiweki ya nne kwa mwendo wa gia ya pili, maana injini inayolazimishwa hivyo hugonga, na kugonga kunaiumiza sawa na mbio. Foleni ikisimama kabisa, anazima. Injini hizi za silinda moja zinapozwa na upepo, na pasipo mwendo hapana upepo.

Kijana mmoja akampita pale Mtoni, akapunguza, akamwambia, "Mzee wangu, mbona unatembea kama umepakia mayai?"

Mzee akaipigapiga injini kwa goti. "Mayai yamo humu, mdogo wangu."

Kupita Rangi Tatu na Kongowe barabara inafunguka, na dereva wa kawaida angeona sasa ndipo mahali pa kuijua pikipiki inafikia wapi. Yeye anaitumia nafasi hiyo kuzizoesha breki. Breki shuu mpya hugusa drami kwenye vilima vidogo tu, kwa hiyo siku ya kwanza breki ni dhaifu kuliko itakavyokuwa baadaye. Anabana kwa upole, anaachia, anaacha zipoe, anabana tena. Tairi nazo zinatoka kiwandani na utelezi juu yake, na utelezi huo hauishi mpaka lami iusugue. Ndiyo maana kwenye kona haiinamishi sana, na akiona lami iliyolowa mvua anapita kama mgeni. Vikindu anageuza, anasimama chini ya mti, anaipa muda ipoe, kisha anaipitia nati moja moja kwa spana aliyokuja nayo mfukoni. Mtikisiko wa safari ya kwanza unalegeza vitu ambavyo dukani vilikuwa vimekaza.

Yapo mabishano. Vijana husema viwanda vya siku hizi vinachonga silinda vizuri kuliko zamani, na kwamba malezi haya ni desturi za enzi za pikipiki za kale. Wana sehemu ya ukweli. Lakini vitabu vya pikipiki bado vinayataka: Honda huandika kwamba katika kilometa 500 za mwanzo dereva asivute mafuta hadi mwisho, asibane breki kwa nguvu, asishushe gia kwa pupa. Tofauti ni kwamba kitabu hukaa chini ya siti ndani ya nailoni yake, na dereva wa mkataba ana hesabu ya jioni. Tajiri anataka fedha yake kila siku, abiria hawajui kama pikipiki ni mpya au kuukuu, na kilometa 500 kwa bodaboda wa mjini ni siku chache tu. Kuzitoa siku hizo chache ni gharama inayoonekana leo. Faida yake inaonekana baada ya miaka miwili, kwa moshi wa bluu wa injini inayokunywa oili, ambao haukutokea.

Oili ya kwanza inapomwagwa, kila mtu anaweza kushuhudia kilichokuwa kikiendelea. Mzee huikinga kwenye dumu lililokatwa, kisha huipitishia sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Sumaku inatoka imevaa unga wa chuma mwembamba. Anausugua kati ya vidole. Unga laini ni ringi na gia zilizokuwa zikizoeana, na hautishi. Akihisi chembe inayokwaruza, anakunja uso na kuanza kumuuliza aliyekuwa akiendesha maswali ambayo hayana majibu mazuri.

Kwa kazi yote hiyo hana cheo wala bei iliyobandikwa. Tajiri humpa ya soda na ya mafuta, basi. Anapomkabidhi kijana ufunguo hatoi hotuba. Anamtajia masharti akiwa bado amekaa juu ya siti, injini imezimwa, ili kijana asisikie kitu kingine.

"Abiria mmoja mmoja mpaka tumwage oili ya kwanza. Mlima wa mchanga, ashuke atembee. Asubuhi pima oili kabla hujapiga kiki. Na mshikaki wa abiria wawili," akasema, sasa ndipo akishuka, "huo hata baada ya oili usinitajie."