Juu ya Matamshi ya Kiingereza katika Tarime na Serengeti

Husikika mara kwa mara lawama hii juu ya wanafunzi wa Tarime na Serengeti, ya kwamba wanakiharibu Kiingereza. Mtoto wa Kikuria asomapo neno lenye l hulitamka kwa r, na darasa zima hucheka. Akiulizwa mara ya pili hunyamaza. Lawama hiyo yafaa kupimwa, maana imesimama juu ya wazo kwamba matamshi ya Kiingereza ni kitu kilichokamilika tangu zamani, na kila kinachotofautiana nayo ni uharibifu. Wazo hilo si kweli.

Miaka 600 iliyopita Waingereza hawakutamka kama watamkavyo leo. Neno lao “cake” lilikuwa na a ndefu, na “line” lilikuwa na i ndefu. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu zao ndefu zilihama mahali pake; a ikaelekea e, i ikawa ai. Lakini maandishi hayakuhama nazo, kwa kuwa wapiga chapa walikuwa wamekwisha kuanza kuyashika tangu Caxton alipoweka mtambo wake Westminster mwaka 1476. Ndiyo sababu Mwingereza huandika a na kusoma e. Sisi tuliyapokea maneno hayo baada ya safari hiyo kwisha, tukasema keki na laini. Tungaliyapokea zamani zile, huenda keki ingalikuwa kaka, na laini ingalikuwa lini, nasi tungalikuwa na kazi kweli ya kuyatenga na maneno yetu wenyewe!

Tazama tena habari ya r. Katika usemi wa London, r isiyofuatwa na irabu ilififia katika karne ya 18. Waskoti na Wamarekani wengi waliishika. Sasa yachunguze maneno yetu: nesi, shati, baa, motokaa. Hayana r, ingawa Kiingereza huyaandika kwa r. Yaliingia kwa sikio, kutoka vinywani mwa watu waliokwisha kuiacha. Yako machache yaliyobaki nayo, kama korti. Na katika kabati haimo ile p ya “cupboard”, wala Mwingereza mwenyewe haitamki.

Basi tuje kwa Mkuria. Lugha yake ina r, haina l. Alipokeapo neno laini husema raini, wala si kwa kubahatisha, ni kanuni. Lugha hiyo hugeuza k ya kiambishi kuwa g mbele ya k nyingine, hata jina lake likawa Igikuria wala si Ikikuria. Sioni uvivu wa ulimi hapo.

Hata hivyo siafikiani na wale wasemao kwamba mtoto aachwe atamke apendavyo. Neno lililokwisha kuingia Kikuria ni la Wakuria, wala hakuna mwenye haki ya kulisahihisha. Kiingereza cha darasani ni jambo jingine. Mtoto huyu akiingia sekondari atafundishwa karibu masomo yote kwa lugha hiyo, naye anastahili kujua kutenga “light” na “right”. Aonyeshwe kwamba katika l ncha ya ulimi hutulia nyuma ya meno na pumzi hupita kandokando, bali katika r ya kwao ncha hugonga mara moja na kuondoka. Somo hilo ni la muda mfupi, nalo halihitaji kicheko cha mtu yeyote.

Tena liko jambo ambalo walaumu hawalitaji kamwe. Kiswahili kina irabu 5. Kikuria kina 7, na ndivyo zilivyo lugha za Wangoreme, Wanata na Waikoma walio Serengeti. Zina e mbili na o mbili. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa katika lugha hizo amezoea kutenga sauti zilizo karibu na zile za “coat” na “caught”, ambapo msemaji wa Kiswahili peke yake husikia o moja tu. Mwalimu atokaye mbali humfundisha o ya Kiswahili katika maneno yote mawili, na mtoto hupoteza shuleni sikio alilokuja nalo kutoka nyumbani. Mwalimu huyo angewaomba wanafunzi wake wamtajie maneno ya kwao yenye o hizo mbili, kisha angeanza somo la Kiingereza kwa maneno hayo.