Sacred Baboon: Albamu Iliyokaa Kabatini Miaka 13

Sacred Baboon ilirekodiwa mwaka 1976 na Yezda Urfa, kundi la roki ya progresivu kutoka kaskazini mwa Indiana, Marekani, jirani na Chicago. Ilitoka mwaka 1989, kundi lenyewe likiwa limeshavunjika tangu 1981.

Sehemu ya nyimbo za albamu hiyo ilisharekodiwa katika Boris, rekodi ya majaribio ya mwaka 1975 iliyochapwa nakala 300 hivi ili kuzishawishi kampuni za muziki. Hakuna iliyoshawishika. Kundi halikuzitupa nyimbo hizo, bali lilizifumua na kuzishona upya. Wimbo mrefu wa kwanza wa Boris uligawanywa kuwa nyimbo mbili, na "Texas Armadillo", kipande cha banjo cha mwendo wa kasi, kikaachwa nje. Ndipo zikaongezwa tungo mpya, zenye majina ya mzaha mtupu.

Ufundi wake mkubwa uko katika namna ala zinavyogawana kazi. Katika roki ya kawaida gitaa la besi na ngoma hushika msingi, kisha gitaa na sauti vikapanda juu yake. Hapa kila ala ina njia yake: besi ya Marc Miller inapiga melodia, kinanda cha Phil Kimbrough kinaijibu, gitaa la Mark Tippins linaingia katikati ya jibu, na mpiga ngoma Brad Christoff anabadili mapigo kabla sikio halijayazoea. Waimbaji nao wanapokezana maneno kwa mtindo wa kundi la Gentle Giant, ilhali sauti nyembamba ya Rick Rodenbaugh inamkumbusha msikilizaji Jon Anderson, mwimbaji wa kundi la Yes. Kisha kishindo hukatwa ghafla, zikaachiwa nafasi filimbi au mandolini, ala ambazo Kimbrough alizipiga pia. Bila mapumziko hayo albamu ingechosha. Hata yakiwepo, melodia kadhaa nzuri hufukuzwa kabla hazijatulia.

Kampuni za kurekodi ziliikataa Sacred Baboon kama zilivyoikataa Boris, na miaka iliyofuata panki na disko vilitawala soko. Hatimaye Syn-Phonic, kampuni ndogo ya Marekani inayoshughulikia muziki wa aina hii, iliitoa. Wasikilizaji iliowapata waliliwezesha kundi kurudi jukwaani mwaka 2004 katika tamasha la NEARfest huko Pennsylvania, na rekodi ya onyesho hilo ikatolewa mwaka 2010.