Hewa Inayobeba Dawa: Mashine ya Mgongoni na Mikorosho ya Mafia

Kupulizia mkorosho ni kazi tofauti na kupulizia mahindi au nyanya, kwa sababu sehemu inayohitaji dawa iko juu ya kichwa cha mpuliziaji, na hata huko juu imejitenga pembezoni mwa mti. Katika Kisiwa cha Mafia, ambako mnazi ndio zao kuu na mikorosho mingi imesimama kati ya minazi, mti wa zamani usiopogolewa hufikia mita 10 au zaidi, na maua yake hutokea kwenye ncha za matawi ya nje yanayopata jua, si katika kivuli cha ndani. Eneo la kulenga, basi, ni tabaka jembamba linalouzunguka mwavuli mzima wa mti, na kifaa kinachofaa ni kile kinachoweza kulifikia tabaka hilo kutoka ardhini bila ngazi, kikiwa kimebebwa na mtu mmoja anayetembea mchangani. Kifaa hicho ni mashine ya injini inayobebwa mgongoni, ambayo wakulima wengi huiita bloa, na muundo wake unastahili kuchambuliwa kwa sababu umetatua sehemu kubwa ya tatizo huku ukiacha dosari moja ambayo mtumiaji haioni kwa macho.

Chanzo cha haja yenyewe ni ubwiriunga, ugonjwa unaosababishwa na kuvu aitwaye kitaalamu Oidium anacardii, ambaye hufunika majani machanga, maua na mabibo machanga kwa unga mweupe. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati uzalishaji ulikuwa tayari unaporomoka: kutoka takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zao hilo lilishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei duni na kuhamishwa kwa wakulima wakati wa operesheni ya vijiji vilichangia anguko hilo, na haitakuwa haki kuutwika ubwiriunga mzigo wote. Lakini mashamba yalipofufuliwa, ikadhihirika kwamba bila dawa maua yangeendelea kuungua. Kuvu huyo hustawi katika miezi ya ukavu, takribani Juni hadi Septemba, usiku unapokuwa na unyevu mwingi hewani na mchana ukiwa na joto la wastani. Katika kisiwa kilichozungukwa na bahari, unyevu wa usiku haupungui hata mvua zinapokatika.

Dawa ya kwanza kutumika kwa wingi ilikuwa salfa ya unga, na ujuzi wake ni wa kale. Katika miaka ya 1850 wakulima wa mizabibu wa Ufaransa, waliovamiwa na ugonjwa wa jamii hiyohiyo, walirusha unga wa salfa kwa mivukuto ya mkono, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuchanganya na maji. Mafanikio ya salfa yanatokana na tabia yake ya kutoa mvuke polepole inapopata joto, mvuke unaomdhuru kuvu hata mahali ambapo chembe yenyewe haikutua. Dawa ya namna hiyo huisamehe mashine makosa mengi: hata unga ukitapakaa bila ulinganifu, jua la saa nne hukamilisha sehemu ya kazi iliyobaki. Mpuliziaji alitakiwa tu kuamka alfajiri, wakati hewa imetulia na umande uko juu ya majani, ili unga upate pa kunasa.

Gharama ya usamehevu huo ni kubwa. Sehemu kubwa ya unga huishia ardhini au hubebwa na upepo. Salfa inayorudiwa mwaka hadi mwaka huongeza uchachu wa udongo, jambo lililowashughulisha watafiti wa mikorosho kusini mwa Tanzania. Na macho na mapafu ya mpuliziaji hupata sehemu yake. Aidha, kazi hulazimika kurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, mkoani Mtwara, ambacho ndicho kitovu cha utafiti wa korosho nchini, kilizijaribu na kuzipendekeza pia dawa za maji za jamii ya triazoli, kama triadimenoli na hekzakonazoli, ambazo hupenya ndani ya tishu za mmea na kudumu takribani wiki tatu. Kipimo chake ni mililita chache tu za dawa zilizochanganywa katika lita moja hivi ya maji kwa mti. Kuanzia hapo mashine ileile iliyorusha unga ilitakiwa kufanya kazi ngumu zaidi, yaani kuigawa lita moja ya kimiminika juu ya mti mzima kwa usawa, kwani dawa hizi hazina mvuke wa kuziba mapengo aliyoyaacha mpuliziaji.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri ukipimwa kwa matone. Bomba la kawaida la mgongoni, linalopampwa kwa mkono, husukuma maji kupitia nozeli, yaani tundu dogo la kutolea dawa, kwa kanieneo ya baa mbili hadi nne. Kanieneo ni nguvu inayosukuma juu ya kila kipande cha eneo, na baa moja inakaribia kuwa sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 10. Matone yanayotoka hapo huwa na kipenyo cha maikromita 200 hadi 400, maikromita moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Tone la namna hiyo hutoka kwa kasi, lakini hewa iliyotulia hulizuia ndani ya mita chache, kisha uzito wake hulirudisha chini. Kuongeza nguvu ya pampu hakusaidii sana, maana kikwazo si uhaba wa nguvu bali ni hewa yenyewe iliyosimama kati ya nozeli na ua.

Wabunifu wa bloa waliligeuza tatizo kwa kukifanya kikwazo kuwa chombo cha usafiri. Injini ndogo ya petroli ya mipigo miwili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo zipatazo 55 hadi 72 kutegemea aina, huzungusha feni mara elfu kadhaa kwa dakika, na feni hiyo huisukuma hewa katika mpira mpana hadi mdomoni, inakotoka kwa kasi inayozidi mita 80 kwa sekunde. Kimiminika huingizwa katikati ya mkondo huo, na hewa ndiyo inayokirarua kuwa matone ya takribani maikromita 50 hadi 150. Tofauti hiyo ya ukubwa si ndogo kama inavyosikika, kwa kuwa ujazo wa tone hufuata mchemraba wa kipenyo chake: lita moja iliyovunjwa katika matone ya maikromita 400 hutoa matone yapatayo milioni 30, ilhali lita hiyohiyo katika matone ya maikromita 100 hutoa karibu bilioni 2. Huo ndio msingi wa hesabu ya lita moja kwa mti, ambayo kwa bomba la mkono isingetosha hata kulowesha upande mmoja.

Mashine zenye nguvu hutoa hewa inayokaribia mita za ujazo 20 kwa dakika, huku dawa inayotoka ikiwa lita moja au mbili kwa muda huohuo, maana yake kila lita ya dawa husindikizwa na takribani lita 10,000 za hewa au zaidi. Mkondo ukishatoka mdomoni huivuta hewa ya pembeni na kuijumuisha, hivyo hupanuka huku ukipoteza kasi, na unapoyafikia matawi huwa ni wimbi pana linaloyatikisa majani na kugeuza migongo yake. Hapo ndipo wapuliziaji wengi hukosea kwa kufungua kidhibiti cha dawa hadi mwisho. Kwa mtiririko wa lita mbili kwa dakika, kipimo cha mti mzima huisha katika sekunde 30, muda usiotosha kuuzunguka mti. Kwa lita moja kwa dakika mpuliziaji hupata dakika nzima, na zaidi ya hapo hewa, ikiwa na kimiminika kidogo cha kurarua, hutoa matone madogo na yanayolingana zaidi. Kufungua dawa kidogo na kutembea polepole ni matumizi bora ya mashine hii, ingawa jicho la mwenye shamba huridhishwa zaidi na ukungu mzito.

Dosari iliyotajwa iko katika njia ambayo kimiminika hutumia kutoka tangini hadi mdomoni. Katika muundo wa kawaida bloa haina pampu ya dawa. Sehemu ndogo ya hewa ya feni huchepushwa kupitia mrija mwembamba hadi juu ya dawa ndani ya tangi lililofungwa kwa mfuniko wenye gasketi, na hewa hiyo ndiyo inayoikandamiza dawa itoke. Muundo huu ni rahisi, mwepesi na hauna kiungo kinachochakaa upesi, lakini kanieneo inayopatikana ni ndogo mno, kiasi cha sehemu ya tano ya baa, yaani sawa na safu ya maji yenye kimo cha mita 2 tu. Tuseme mdomo umeshikwa usawa mmoja na dawa iliyo tangini: mita zote 2 hutumika kusukuma. Mpuliziaji akiunyanyua mdomo mita moja juu ya usawa huo ili aelekee kilele cha mti, nusu ya kanieneo hutumika kuipandisha dawa tu, na kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha kanieneo, dawa inayotoka hupungua kwa takribani asilimia 29. Tangi linapokaribia kuisha usawa wa dawa hushuka, na upungufu huongezeka. Kilele cha mti, kilicho mbali zaidi na kinachopata mkondo uliokwisha kupoa kasi, hupewa dawa pungufu, ilhali matawi ya chini hupewa ya ziada. Mashine inaendelea kunguruma vilevile, hewa inatoka vilevile, na hakuna dalili yoyote ya kumjulisha mtumiaji.

Watengenezaji wanaifahamu hali hii, na baadhi yao huuza pampu ndogo ya nyongeza inayoendeshwa na injini ileile, ili kanieneo ya dawa isitegemee mahali mdomo ulipo. Kwa kilimo cha mizabibu au mboga pampu hiyo ni anasa. Kwa mkorosho ilipaswa kuwa sehemu ya mashine tangu mwanzo. Kinachoikwamisha ni bei na uzito, kwani mashine tupu ina kilo 11 hadi 13 na tangi lililojaa huongeza kilo nyingine 12 au zaidi. Kwa Mafia kuna pia suala la vipuri, ambavyo kama petroli na mafuta ya injini huvuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na kila kiungo kinachoongezwa kwenye mashine ni kiungo kingine cha kusubiriwa kikiharibika msimu ukiwa umefika. Njia isiyo na gharama ni kupogoa: mti ulioshushwa kimo na kuondolewa maotea ya ndani, ambayo ndiyo hifadhi ya kuvu kabla ya msimu wa maua, huipunguzia mashine umbali na huupunguza ugonjwa wenyewe.

Matone madogo yana upande wao wa hatari. Tone la maikromita 50 huanguka katika hewa tulivu kwa kasi ya sentimita 7 hivi kwa sekunde, kwa hiyo likikosa tawi lililo mita 8 juu huchukua karibu dakika mbili kufika chini, na katika upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwanana kwa kipimo cha kusi, litakuwa limesafiri zaidi ya mita 200. Umbali huo ni mkubwa kisiwani. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye makao yake Utende, imejumuisha vijiji na mashamba ya kusini pamoja na matumbawe na mikoko ya Ghuba ya Chole, na triazoli si rafiki wa viumbe wa majini. Saa za alfajiri zinafaa kwa dawa ya maji kwa sababu ileile ya utulivu wa hewa, na pia kwa sababu unyevu huchelewesha matone kukauka yakiwa njiani. Lakini majani yanayochuruzika umande hayaipokei dawa ya maji kama yalivyoupokea unga, hivyo saa zinazofaa ni chache, kati ya umande kuanza kukauka na upepo kuanza kuvuma.

Jambo lingine linalohitaji uangalifu ni wadudu. Maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, huwawinda mbu wa mikorosho na pia mdudu anayenyonya nazi changa, hivyo shamba lenye minazi na mikorosho pamoja hunufaika nao mara mbili. Dawa za kuvu haziwadhuru sana, lakini bloa hiyohiyo ikijazwa kiuadudu cha jamii ya pairethroidi hupeleka sumu hadi ndani ya viota kwa ufanisi uleule unaosifiwa katika kupambana na ubwiriunga.

Mashine inayotumika kwa unga na kwa maji hudai pia matunzo ya aina mbili. Inaporusha salfa, msuguano wa chembe ndani ya mpira huzalisha umeme tuli, na kwa kuwa unga wa salfa huweza kuwaka, mashine hufungwa mnyororo mwembamba au waya unaopeleka umeme huo ardhini. Waya huo ndio wa kwanza kung'olewa na kusahaulika. Inaporudishwa kwenye dawa ya maji, mabaki ya salfa yaliyolowa hula vyuma na kuziba kidhibiti, na hewa ya chumvi huharakisha ulaji huo. Gasketi ya mfuniko ikikakamaa kidogo tu, ile sehemu ya tano ya baa huvuja na mtiririko hushuka hata mdomo ukiwa chini.

Kipimo cha kuligundua hilo ni rahisi, ila kwa kawaida hufanywa vibaya. Tangi hujazwa maji safi hadi alama, mashine huendeshwa kwa mwendo wa kazi kwa dakika moja, kisha maji yanayohitajika kulijaza tena hadi alama ile hupimwa kwa chupa yenye vipimo. Wengi hufanya hivyo mdomo ukiwa umeelekezwa mbele, usawa wa kiuno, na namba wanayoipata ni sahihi kwa shamba la mboga. Kwa mkorosho mdomo hauna budi kunyanyuliwa kama unavyonyanyuliwa kazini, na kipimo kirudiwe tangi likiwa limebaki robo, kisha wastani wa namba hizo mbili ndio utumike kukadiria muda wa kuuzunguka kila mti.