Picha Inagandia Wapi Kati ya Mkuu na Dar

Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) liliwasha intaneti ya kasi kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika njia ya Marangu. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, alisema kabla ya mwaka kwisha huduma ingefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwenye ofisi pale Mkuu, Rombo, ambaye sura yake huganda kila akifungua mkutano wa video na mteja wa Dar es Salaam, ana haki ya kuuliza mbona mlimani kunapitika na kwake kunakwama.

Horombo ni kazi ngumu kwa aliyebeba nguzo na betri, lakini kwa mtu wa redio ni kazi nyepesi. Miti mikubwa imekwisha, wageni wamekusanyika mahali pamoja, na mawimbi hayana kinachoyazuia. Mkuu ni kinyume chake. Kati yake na mji wa Moshi limekaa bega la mlima, upande wa Marangu na Mwika, kwa hiyo antena ya Moshi haiioni Mkuu. Mawasiliano lazima yazungushwe kwa mkongo au yarushwe mnara hadi mnara. Yakishafika yanakutana na makorongo, na nyumba zilizozama ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, migomba chini na migrivea juu. Majani yakilowa hunywa mawimbi, hasa ya masafa ya juu. Megahezi 700 au 800 hupenya vizuri kuliko 2,600, ila nafasi yake huwa finyu, na wanaoigombea ni wengi.

Hapo ndipo watu hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Aghalabu hawatibu ugonjwa.

Sauti yenyewe si mzigo wa kutisha. Chukua G.729, mfumo wa siku nyingi wa kubana sauti uliotumika sana kwenye simu za maofisini. Unaishusha sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde, na kila milisekunde 20 unatoa pakiti moja yenye baiti 20 za maneno yako. Juu ya hizo zinawekwa baiti 40 za anwani na maelezo ya safari. Gunia limekuwa zito kuliko kahawa iliyomo. Hata hivyo jumla yake ni kilobiti 24 tu kwa sekunde; kwa hesabu ya karatasi, laini ya megabiti 1 ingebeba simu 40 za namna hiyo. Mtandao wa 4G ukibeba simu zake wenyewe huweza kuzibana zile baiti 40 zikabaki chache mno.

Kinachoua mazungumzo ni kuchelewa, na zaidi ya hapo ni kuchelewa kusikotabirika. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikio la pili. Ikipita hapo watu huanza kukatizana. Umbali si kisingizio. Nuru ndani ya mkongo hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 600 za kwenda Dar ni milisekunde 3 tu. Muda uliobaki unaliwa na foleni.

Na foleni ya mnara haina usawa. Viwango vya 4G vimepanga safari kwa madaraja. Daraja la 1 ni la simu ya sauti ya kampuni yenyewe: pakiti isizidi milisekunde 100 kati ya simu na lango la mtandao, na nafasi yake imetengwa. Daraja la 2, la video ya kampuni yenyewe, lina milisekunde 150. WhatsApp, Zoom na Teams kwa kawaida hutupwa daraja la 9, milisekunde 300, bila nafasi ya uhakika, bega kwa bega na kijana anayepakua filamu. Mnara haujui kwamba wewe unajadili bei ya kahawa. Kwangu hili ndilo kiini cha malalamiko yote, na halizungumzwi dukani unapouziwa laini.

Kuna tatizo la pili, la kurudi. Mnara hurusha kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G ina ukomo wa sehemu mbili za kumi za wati moja. Ndiyo maana wewe unawaona wenzako vizuri huku wao wanakuona umeganda mdomo wazi. Daktari wa Hospitali ya Huruma akitaka kumwonyesha bingwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, jeraha la mgonjwa, anahitaji njia ya kupandisha, na kipimo cha kasi ya kushusha hakimsaidii kitu. Dawa yake ni rahisi: ruta yenye antena ya nje, juu ya paa, iliyoelekezwa mnarani. Fundi wa madishi anaiweza.

Usisahau pia seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota nchini. Kikao cha Mkuu na Moshi kinachopitia seva ya ng'ambo huvuka bahari kwenda na kurudi ilhali wahusika wametenganishwa na safari ya Hiace.

Basi mwenye ofisi Rombo, kabla ya kusaini, pima saa mbili usiku watu wanapokuwa mtandaoni, na siku ya mvua, ukiwa ndani ya chumba kile kile utakachofanyia kazi. Dai mkataba uandike kasi ya kupandisha, ucheleweshaji na kiwango cha pakiti zinazopotea. Muuzaji anayetaja megabiti za kushusha peke yake hajakuuzia huduma ya mikutano.