Ukumbi wa Kijiji: Funzo la Kamiriithu

Mara nyingi tunapozungumzia maendeleo ya sanaa za maonyesho, fikira zetu hukimbilia majumba. Husemwa kwamba wilaya hii haina tamthilia kwa kuwa haina ukumbi, na kwamba shule ile haiwezi kuigiza kwa kuwa haina jukwaa wala pazia. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini imeanzia mwisho. Historia ya kijiji cha Kamiriithu, huko Limuru nchini Kenya, yatuonyesha kwamba ukumbi huzaliwa na watu wenye jambo la kuambiana.

Mwaka 1977 wanakijiji hao, wengi wao wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Humo waliigiza tamthilia ya Kikuyu iitwayo Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Tamthilia hiyo yamhusu Kiguunda, kibarua mwenye shamba la ekari moja na nusu. Tajiri Kioi anamshawishi afunge ndoa ya kanisani. Naye, ili apate gharama za arusi, anaweka rehani hati ya shamba lake benki. Mwishowe shamba linamponyoka.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitendeka kabla ya siku ya onyesho. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila apitaye alikuwa na haki ya kutazama na kukosoa. Wazee walisahihisha lugha ya waigizaji: methali itumikeje, na kijana aseme vipi mbele ya mkubwa wake. Hivyo, onyesho lilipofunguliwa Oktoba 1977, hadhira haikuja kutazama kazi ya wageni; ilikuja kutazama kazi yake yenyewe.

Muziki nao ulipewa mahali pake. Katika shule nyingi ngoma huchezwa mwanzoni ili kuchangamsha watu, kisha ndipo husemwa kwamba mchezo wenyewe umeanza. Kamiriithu wimbo ulikuwa sehemu ya hoja. Nyimbo za kujibizana za arusi, ziitwazo gitiiro, waandishi walifundishwa na mama mmoja mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Nyimbo za kanisani ziligongana na nyimbo za wapigania uhuru, na mtazamaji akausikia ugomvi wa pande mbili kabla hajaelezwa kwa maneno. Kwa hiyo mwanafunzi asomaye tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, iliyotoka mwaka 1982, hana budi kukumbuka kwamba ameshika nusu ya kazi tu. Nusu ya pili haiandikiki.

Hii si kusema kwamba tamthilia haina kasoro. Kioi na mkewe wamechorwa kwa rangi moja. Hatuwaoni wakisita wala kujiuliza. Tajiri asiye na chembe ya utu ni rahisi kumchukia, lakini kwake hatujifunzi jinsi mtu wa kawaida anavyogeuka kuwa mnyonyaji. Hata hivyo, watazamaji walijiona katika Kiguunda, na hilo ndilo lililoipa kazi hii nguvu.

Nguvu hiyo iliogopwa. Novemba 1977 kibali cha kuonyesha kilifutwa. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, asitoke hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa. Kama thamani ya Kamiriithu ingalikuwa katika mbao na viti, leo tusingalikuwa na la kujifunza.

Funzo lake kwa walimu na wanafunzi ni hili. Shule itangazapo onyesho lijalo, isingoje siku ya kufungua pazia ndipo iwaite wazazi na majirani. Iwaite wakati wa mazoezi, chini ya mwembe kama hapana ukumbi. Iwape nafasi ya kusahihisha neno na kufundisha wimbo. Waigizaji wataona haya mwanzoni, na huenda mwalimu akakosolewa mbele ya wanafunzi wake. Avumilie. Sanaa isiyovumilia kukosolewa na wenyewe haijawa bado sanaa ya watu.